Kovu la Papa, Kovu la Ngamia

Mdogo wangu wa kiume alirudi Isiolo mwaka jana, baada ya miaka minane kwenye boti za uvuvi huko pwani, na zawadi aliyotuletea ilikuwa kovu. Hakuleta mke, hakuleta hata mkeka. Kovu lenyewe lilikuwa kwenye shavu la mguu wa kushoto, limepinda kama mwezi mchanga, na haikuisha wiki kabla nusu ya mtaa haijaligusa kwa kidole.

"Ameumwa na papa," mama alimtangazia jirani yetu, mama mmoja Mmeru aliyekuja kuchukua maziwa.

Jirani akaweka chupa chini. "Papa? Ule wa Roma?"

Tulicheka mpaka mama akajifuta machozi. Nami nilicheka, huku nikiendelea kufukiza madumu ya maziwa ya ngamia ninayouza sokoni. Kazi hiyo naifanya kwa mkono mmoja na nusu.

Maana mimi pia nina kovu. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, malishoni upande wa Kinna, dume la ngamia lilinishika juu ya kiwiko, likanitikisa, likaniachia. Mkono haukunyooka tena sawasawa. Mama alikuja mbio na maji ya chumvi, na kabla ya pole, kabla hata ya bismillahi, aliniuliza: "Ulimfanyia nini?"

Nilimwambia ukweli. Lilikataa kuondoka kwenye birika la maji, nikalichapa fimbo ya pua.

"Basi mmelipana," akasema, akanifunga kitambaa.

Yakaishia hapo. Isiolo ukisema umeumwa na ngamia ni kama kusema umenyeshewa na mvua. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniomba nikunje mkono wa gauni.

Basi nilimwonea mdogo wangu wivu, na sioni haja ya kuupamba. Mimi ndiye niliyebaki na mama. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya presha na kumkumbusha vidonge vyake. Lakini glasi ya kwanza ya chai, ile yenye malai juu, ilikwenda kwa mwenye papa, na mto mzuri uliwekwa chini ya mguu wa papa. Mama huyohuyo hufunga dirisha jirani akikaanga omena, kwa sababu nyumbani kwetu samaki hajawahi kuingia sufuriani. Sasa alizungumza habari za samaki asubuhi na jioni.

Kila siku baada ya swala ya alasiri walikuja wasikilizaji. Mdogo wangu alisimulia jinsi alivyokuwa majini akinasua wavu, maji yamechafuka, na papa akatokea. Kisha aligeuka mwalimu. Alisema papa hamtafuti binadamu. Hana mikono ya kupapasa, kwa hiyo asichokijua hukijua kwa meno. Anaona mguu unacheza kwenye maji ya tope, anadhani ni samaki, anaonja, anakuta mifupa mitupu, anaacha, anakwenda zake.

"Sisi si chakula yake," alimalizia. "Iliniuma kwa makosa tu."

Wazee walitikisa vichwa kwa mshangao. Mimi niliinamia birika la chai nikajisemea kwamba papa alimwonja akamtema, lakini mama yetu bado anammeza.

Siku moja mama aliniagiza niupake ule mguu samli ya moto, eti ngozi imekauka. Nilipiga magoti kwenye zulia, na mkono wangu mbovu, nikaanza kusugua. Jirani Mmeru alikuwepo. Mama alikuwa ameketi pembeni, kiganja chake juu ya goti la mwanawe, akisema, "Pole, mwanangu. Mnyama mbaya hiyo." Nadhani ni hiyo pole iliyonimaliza.

"Na wewe," nikamuuliza mdogo wangu, "ulimfanyia nini?"

"Mwache mtoto," mama akasema. Mtoto ana miaka thelathini na minne.

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alitazama samli ikimtiririka mguuni, kisha akasema, "Hakukuwa na maji, abaayo. Ilikuwa ndani ya boti."

Abaayo ni dada, na hakuwa ameniita hivyo tangu arudi. Akasema yeye na wenzake walimvuta yule papa kwa ndoana, wakamlaza juu ya mbao za boti. Kazi yake yeye ilikuwa kumkalia na kumkata mapezi, kwa sababu mnunuzi alitaka mapezi tu. Mwili ulirudishwa baharini usijaze boti.

"Ikiwa imekufa?" mama akauliza.

"Zingine zinazama zikiwa hai, hoyo," akamjibu mama. "Hii iligeuka ikanishika. Wenzangu wakaipasua tumbo ndio iniachie. Ilikuwa jike. Watoto walikuwa ndani, wako na meno tayari."

Mama yangu huwa hamwachii mtu kisu kabla hajapapasa mwenyewe tumbo la mbuzi jike, asije akachinjwa na mimba. Aliwahi kuacha wageni wa harusi wasubiri chakula kwa sababu hiyo. Sasa aliondoa kiganja gotini mwa mwanawe, akakiweka kwenye paja lake mwenyewe.

Nilijua atasema nini. Atasema wamelipana.

"Dada yako na dume yake walilipana," akasema polepole. "Wewe na hiyo samaki, bado."

Nilikuwa nimeshinda, na nilifurahi, nisiseme uongo. Furaha ilidumu mpaka nilipomwona mdogo wangu akiteremsha suruali kufunika mguu, vilevile ninavyovuta mkono wa gauni mbele ya watu. Kisha mama alininyang'anya kikombe cha samli, akaipandisha ile suruali, akamalizia kumpaka mwenyewe, taratibu. Wivu ukarudi palepale.

Wiki iliyofuata jirani alimleta dada yake kutoka Meru, amesafiri kuja kuona kovu la papa. Mdogo wangu alitoka nje. Mama akawakaribisha waketi.

"Ile ya papa tumefunga," akawaambia. "Kuna ya ngamia." Akaniita kwa jina.

Nilikunja mkono wa gauni haraka mpaka uzi ukakatika. Mgeni aliinama, akatazama kiwiko changu, akamgeukia dada yake.

"Kumbe ni ngamia tu?"

Mama alikuwa akimimina chai. Glasi ya kwanza, yenye malai, aliisukuma upande wangu.

"Muulize aliifanyia nini," akasema.