Kitambaa cha Mama Germaine

Baba Stanislas alikuwa fundi wa reli, jirani yetu hapa Naviundu. Mke wake, mama Germaine, alikwenda kwao Kabongo kuzika, na mwaka ukapita bila barua.

Mvua ya 1953 ilipoingiza uchafu katika kisima, baba Stanislas akaanza kuhara damu. Munganga wa dispansari akampa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu damu ilikatika, akavifunga vilivyobaki katika kitambaa cha kichwa cha mke wake.

“Baba, si walisema umalize?” nikamwuliza.

“Mimi niko muzima, mutoto. Germaine akirudia, maji ya huku itamupiga tumbo. Atameza nini?”

Juma lililofuata damu ilirudi kwa nguvu. Nikamletea kitambaa chenye vidonge, akakisukuma. “Ile iko ya mwenyewe.”

Wenzake wa reli wakampeleka hospitali kwa machela. Munganga akaniagiza nifue kila nguo na kitambaa cha nyumba kwa maji ya moto, na vidonge nivirudishe dispansari.

Baada ya mwezi baba Stanislas alirudi, amekonda. Akaomba kitambaa. Akakinusa muda mrefu, lakini kilikuwa na harufu ya sabuni tu.