Kisanduku cha Tatu

Umri wa mwisho wa kuomba nafasi ile ya kusomea shahada ya pili ya elimu ulikuwa miaka arobaini na mitano. Nilikuwa na arobaini na minne na miezi minane. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda, na majibu yakalingana. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Barua niliiandika mwenyewe. Waliotoa nafasi walitaka maneno mia tano. Mimi nilifundishwa kwamba barua kwa mkubwa huanza na heshima, basi nikatoa heshima, nikaomba ruhusa ya kujieleza, nikawashukuru kwa subira yao. Nilipohesabu, nilikuwa nimekwisha kutumia maneno mia na arobaini bila kusema mimi ni nani. Nikapunguza heshima mpaka ikabaki sentensi moja. Iliniuma kama kuondoa nyama kwenye sahani ya mgeni.

Ikabaki fomu ya mkubwa wangu wa zamani kazini. Alipaswa kutia alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vitano: je, huyu yumo katika asilimia tano ya walimu bora uliowaongoza, au kumi, au ishirini, au nusu ya juu, au nusu ya chini?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anapiga fotokopi karibu na stesheni ya reli na amewasaidia wengi kutuma maombi ya namna hiyo, alinionya. "Mama mwalimu, wanasomaka tu visanduku viwili vya juu. Ukiwa kwa cha tatu, ubaki nyumbani."

Nikaenda kwa Direktere, aliyekuwa mkuu wa shule yetu. Ni mstaafu, mtoto wa familia ya Kasai iliyoletwa hapa Kindu na reli, na bado anakaa katika nyumba za reli akilima mboga za lengalenga. Aliniongoza miaka ya vita, treni ziliposimama na walimu wakabaki wanne. Kabla ya hapo alinifundisha, na mtihani wake haukuwahi kumpa mtu zaidi ya kumi na nne juu ya ishirini.

Aliisoma fomu pande zote mbili. "Asilimia kumi ya wanani?"

"Ya walimu wote uliowaongoza, papa."

"Basi tuwahesabu."

Hiyo ndiyo hatari ya kumpelekea fomu mtu mwaminifu. Alileta punje za mahindi, akazipanga juu ya mkeka, moja kwa kila mwalimu, kuanzia aliye bora. Zikawa thelathini na nane. Yangu ilikuwa ya sita. Ili niingie kwenye asilimia kumi ya juu, ilinipasa kuwa ya tatu. Nikajisogeza karibu na mkeka, kama mtu aliyefika sokoni.

"Huyu wa tano njo nani?"

"Wa jeografia."

"Yule alikimbilia Lokandu kuuza samaki, vita haijafika hata hapa."

"Mbele ya kukimbia alifundisha muzuri."

"Na wa nne?"

"Wa hesabu."

"Aliondoka na redio ya shule, papa."

"Redio haipunguze hesabu yake." Nilikuwa nimekwisha kuisogeza punje ya wa hesabu kidogo kwa kidole. Akairudisha. "Mama, hapa haiko soko."

"Basi hesabu wale wa vita tu. Tulikuwa wanne, nami nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kati ya wanne njo asilimia makumi mbili na tano. Unajishusha."

Nilihesabu mara mbili. Alisema kweli.

Nikaomba basi alete rejista ya vita, tuone nani alihudhuria. Aliileta. Karatasi zilikuwa zimekwisha mjini, kwa hiyo ilikuwa imeandikwa nyuma ya hati za mizigo ya reli. Mstari wangu ulisema nipo kila siku. Ulisema nipo hata katika zile siku kumi na moja nilizokuwa Lokandu nikibadilisha sabuni kwa chumvi. Mizani ikikosea upande wako, hukohoi.

"Unaangalia zile siku za Lokandu," akasema.

"Sikuwako, papa."

"Ulirudi na nini?"

"Chumvi."

"Na nini tena?"

Nilikuwa nimesahau. Kapu la muhogo mkavu. Chaki zilikuwa zimekwisha, tukakata ule muhogo vipande, tukaandika nao ubaoni.

"Tuliandika nao mpaka trimestri ikaisha. Ulikuwa kazini."

"Basi nipandishe, papa."

"Wa sita njo wa sita."

Akatia alama kwenye kisanduku cha tatu, kwa rula. Chini palikuwa na mistari mitatu ya maelezo. Akaijaza, akageuza karatasi, akaendelea upande wa pili: zile punje thelathini na nane, wanne wa vita, siku kumi na moja, muhogo. Redio hakuiandika. Akapiga muhuri.

Pale kwenye fotokopi, mwanafunzi wangu alikiona kisanduku, akasonya. "Mama, tutafute mukubwa mwingine. Wa mukono mwepesi. Tuko na siku mbili."

Nilimjua mmoja ambaye angetia alama kwenye cha kwanza bila kuvaa miwani. Nikausoma ule upande wa pili, kisha nikausoma tena. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sikuwahi kusifiwa na mtu aliyehesabu kwanza.

"Tuma," nikamwambia.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Nililisoma mara mbili, kisha nikampa mwanafunzi wangu alisome, maana macho yangu yana upendeleo. Nikaenda nalo kwa Direktere. Alikuwa anamwagilia lengalenga.

"Wamekamata wangapi kwa masomo?" akauliza.

"Sita, papa."

"Na weye uko wa ngapi?"

"Wa sita."

Akahamia tuta linalofuata. "Njo vile nilihesabu," akasema.