Uzito wa Kijitabuni

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi hapa Kitale kukokotoa dozi za dawa, na katika kila zoezi uzito wa mgonjwa niliuandika mimi mwenyewe ubaoni. Wao walibaki na kazi ya kuzidisha na kugawanya.

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alitoka Matulo. Tukiwa kwenye mafunzo katika wodi ya watoto kule Bungoma, aliletwa mtoto aliyekuwa ameharisha wiki mbili. Mwanafunzi alichukua uzito kutoka kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto, akakokotoa dozi ya sindano, akanionyesha. Nilikagua hesabu, nikatia sahihi. Mtoto akadungwa.

Mama yake alipokiona kijitabu mezani alisema, "Sista, hiyo si ni kilo ya kitambo? Huyu ameisha."

Tulimpima hapo hapo. Kijitabu kilisema kilo nane. Mizani ilisema sita. Mtoto alifariki kesho yake, na daktari hakuweza kutuambia kama ni ugonjwa au ni sisi.

"Mwalimu, nilikosea wapi?" mwanafunzi aliniuliza.

Nilimjibu kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Mwaka mzima sikuwahi kumwambia ampime mtoto kwanza.