Kioo cha Kinyozi

Kinyozi wa mtaani kwetu ni mkono wa birika, hata salamu huitoa nusunusu. Lakini kila Jumatatu hubeba mkasi hadi wodi ya wanaume, akawanyoa wagonjwa bure huku akiwasimanga: "Hiki ni kichwa cha mtu au shamba lililotelekezwa?" Wanacheka mpaka muuguzi anawakemea. Juzi babu mmoja, aliyebaki mifupa na macho, aliomba kioo ajitazame. Kinyozi akajipapasa mifuko yote, akaulaani usahaulifu wake. "Niamini mimi, babu. Mkeo akija leo, hatakuacha peke yako na wauguzi hawa." Babu akatabasamu, akajishika shavu. Kinyozi akaufunga mkoba taratibu, kioo kisije kikagongana na mkasi kikalia.