Fundi Sindano na Mwili Usiosikia

Mtaa mzima ulimwita Sindano, naye akaitika kwa maringo. Alikuwa fundi makochi. Sindano yake ya kushonea vitambaa vizito, ndefu kuliko kiganja, ilizama kwenye sponji na kutokea upande wa pili huku mwenyewe akipiga soga bila hata kuitazama. Lakini mtu huyo huyo, haki ya Mungu, akiona sindano ya hospitali anatafuta mlango!

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Vidonge alimeza akikumbuka, soda aliacha akikumbuka, na kusahau alijaliwa. Sasa sukari ilipanda ikagoma kushuka. Daktari akataka damu yake ipimwe homoni, ijulikane kama mwili bado unatengeneza insulini. Kama hautengenezi, ataanza kudungwa kila siku.

"Kila siku?" Sindano aliuliza. "Hata Jumapili?"

Siku ya kutolewa damu alifumba macho, akashika mkono wa mkewe, akazirai. Nesi alikuwa ndiyo kwanza anampaka spiriti.

Majibu yalipotoka, waliingia kwa daktari wameshikana mikono kama maharusi.

"Mzee, insulini unayo," daktari akasema. "Tena imezidi."

Sindano aliruka kitini. "Mke wangu, umesikia? Ninayo tele!" Akampa mkono daktari, akampa nesi, akampa na mgonjwa mmoja aliyechungulia mlangoni akidhani ameitwa.

"Kaa, mzee wangu, sijamaliza. Kuzidi si sifa. Insulini inabisha hodi, lakini seli haziitikii, kwa hiyo sukari inabaki nje kwenye damu. Kongosho linaloitengeneza nalo linazidi kumwaga nyingine. Siku likichoka, sindano hiyo. Mwili wako umekuwa sugu."

"Yaani hausikii?" mkewe akauliza.

"Hausikii, mama."

"Hayo ningekwambia mimi bure, daktari. Si nimeolewa nao?"

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Basi yakapangwa: dawa bila kuruka, soda marufuku, kutembea kila siku, na kupima sukari nyumbani. Daktari akatoa mashine ndogo na visindano vya kutoboa kidole. Kicheko kikamkauka Sindano.

"Kutembea nitatembea, hata mbio nitakimbia. Kidole changu niachieni."

Walirudi kwa miguu. Sindano aliimba njia nzima, akamsimamisha kila anayemfahamu kumtangazia kwamba anayo tele, na watu wakampongeza bila kujua wanapongeza nini. Mkewe alikuwa kimya. Kwa mwanamke yule, kimya ni habari.

"Mama watoto, mbona hivyo? Si tumeepuka sindano?"

Walikuwa wamefika karakanani. Mkewe akakaa kwenye kochi lisilovikwa kitambaa, akafungua mkoba, akatoa kipande cha sponji. Kilikuwa kimetobolewa chote.

"Tangu siku ile ulipozirai, nesi amekuwa akinifundisha kudunga," akasema. "Nilijua wewe hutaweza. Nikasema basi nitakudunga mimi. Nikawa naharibu, narudia tena." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi. "Niliogopa, baba. Unaimba ninayo tele, ninayo tele, na kupima hutaki. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sitaki kubaki peke yangu."

Sindano akakishika kile kipande, akakigeuza huku na huku. Mashimo ya mwanzo yalikwenda upogo, ya mwisho yalinyooka, na yeye kwa mshono hadanganyiki. Akaketi kando yake, akanyoosha kidole, uso ameugeuzia ukutani.

"Haya. Dunga."

Mkewe akafungua mashine. Mara Sindano akapiga ukelele, majirani wakatoka nje.

"Mamaaa! Nakufa!"

"Sijakugusa bado," mkewe akasema, mbavu zinamuuma kwa kicheko.

"Basi gusa," akasema, na mkono hakuuvuta.