Mvua ya Ngenge

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, aliyetaka kuzungumza na ndugu zake visiwani Muleba alikwenda Miembeni, mjini Bukoba, kwenye chumba cha Kokuhirwa. Humo mlikuwa na redio ya mawasiliano iliyotumia betri ya gari. Watu waliiita simu ya upepo. Mteja aliketi kwenye benchi akingoja zamu. Kokuhirwa aliita kisiwa cha Bumbire, na Minza, mwenye redio ya kule, akaitika. Kilichosemwa kilisikika na benchi zima, na pia na kila mwenye redio kandokando ya ziwa. Hakuna aliyeona ubaya. Harusi zilichekewa pamoja, na misiba ikaliliwa pamoja, maana misiba ilikuwa mingi. Kokuhirwa mwenyewe alikuwa amezika dada zake.

Kisha ikaja siku ya Limi, mchuuzi wa samaki kutoka Bumbire. Alimwita kaka yake, Masalu, akamwambia daktari anataka arudi kupimwa tena. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini kabla soko halijafungwa, wanawake wenzake walikuwa wamesogeza mabeseni yao mbali na lake, wakinong'ona kwamba ameshikwa na Juliana, jina waliloupa ukimwi.

Kesho yake Limi alirudi kwa Kokuhirwa. Hakugomba. Alikaa, akasema taratibu, "Mama, maneno yangu yameanikwa hapa kwako kama kahawa."

Kokuhirwa alilitazama benchi lililojaa wateja.

Haukupita muda, afisa wa leseni akawakusanya wenye simu za upepo. Masharti yalikuwa mapya: maneno ya mteja ni mali ya mteja, na atakayeyaacha yavuje atanyang'anywa leseni. Wengine walicheka. "Upepo utaufungia mlango wapi?" aliuliza mmoja. Wawili wakauza redio zao. Kokuhirwa hakucheka. Alikuwa akimfikiria Limi.

Alipanda gari hadi Izimbya kwa baba yake mdogo, mzee Kagaruki, aliyekuwa mpiga redio wa jeshi katika vita vya Kagera. Alimkuta migombani akipunguza machipukizi.

"Baba mdogo, vitani mlifanyaje? Adui si alikuwa anasikia?"

"Alisikia kila neno," alisema Kagaruki. "Lakini sisi hatukusema kifaru. Tulisema bibi harusi. Bibi harusi amechelewa, bibi harusi amevuka mto. Tuliokubaliana ndio tuliojua."

Kokuhirwa alicheka mpaka akashika mgomba. Akarudi mjini na akili mpya. Benchi alilitoa nje, akalihamishia upande wa pili wa nyumba. Akatafuta visikilizio vya masikioni, sauti ya kule isikike kwa mteja peke yake. Kuhusu upepo, aliwafundisha wateja wapatane maneno na watu wao wanapoonana, ana kwa ana. "Na mimi msiniambie maana yake," alisema.

Limi alikuwa wa kwanza kujaribu. Alivuka kwenda kwao, akapatana na Masalu, kisha akarudi kupimwa. Alipotoka hospitali alifika Miembeni akihema, akavaa visikilizio.

"Masalu, mvua imenyesha Ngenge. Ova."

Hata bila visikilizio, Kokuhirwa alizisikia kelele za furaha za Masalu. Kabla hazijatulia, sauti nyingine ikaingia, ya mwenye redio wa kijiji cha Ngenge chenyewe: "Nani huyo anasema mvua? Huku jua linawaka, maharage yanakauka. Ova."

Limi aliangua kicheko, machozi yakimtiririka. Kokuhirwa hakuuliza kitu. Alimshika mkono tu, wakacheka wote.

Wiki iliyofuata afisa wa leseni alikuja. "Mama, nimeletewa malalamiko. Wakulima wanasema unatangaza mvua ya uongo. Ilikuwa na maana gani?"

"Bwana afisa, hayo ni maneno ya mteja. Nikikuambia, nitakuwa nimevunja masharti yako."

Afisa alimtazama, akaanza kutabasamu, mwishowe akacheka waziwazi. Alikagua benchi lilikohamishiwa na visikilizio, akamhuishia leseni.

Habari zilienea. Wavuvi, wapenzi, hata wachungaji wa Kilutheri walikuja, kila mmoja na maneno yake. Ziwani kukajaa habari za ajabu: mbuzi waliofaulu mitihani, sangara waliochumbiwa. Jioni Kokuhirwa alitembea nyumbani akitabasamu peke yake.

Limi alikaa kimya mpaka alipotaka mwenyewe. Asubuhi moja sokoni, akipanga sato wake, aliwaeleza wenzake alichoambiwa na daktari: kwamba ni mzima. Waliona aibu. Kisha mmoja, Eufrazia, akainua beseni lake, akaja kuliweka kando ya lake.

"Sogea kidogo, dada," alisema.

Limi akasogea, na biashara ikaendelea.