Nilimwaga Kifusi Juu ya Kaburi Ili Nyumba Iuzike

Nilichofanya ni uchafu, na aliyekifanya ni mimi. Sikulewa, sikulazimishwa. Nilikuwa na haraka ya kuuza nyumba.

Kazi yangu ilikuwa samaki. Nanunua kisiwani Goziba, nauza Muleba. Nikachoka kunuka dagaa. Nikaona wenzangu Bukoba wananunua nyumba kuukuu, wanazikarabati, wanaziuza kwa faida, nikajiambia na mimi nimo.

Nikapata nyumba kijijini Kaagya, nje ya mji. Mwenyewe alikuwa mjane, tumwite Ma Jasinta, anahamia Mwanza kwa binti yake. Nyumba ilikuwa imezeeka lakini imara, imezungukwa na kibanja cha migomba na mibuni, na mbele ya baraza kaburi la mumewe. Kwetu hilo si ajabu. Wahaya tunazika kwenye vibanja vyetu.

Watoto walikubali, ukoo ukaridhia. Ma Jasinta aliomba jambo moja tu: kaburi libaki, na kila Siku ya Marehemu Wote aruhusiwe kuja kusali.

"Sitakusumbua, mwana wange. Nitasali, nitaondoka."

Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa ni kwake. Ulimi wangu huu huu.

Nikaitengeneza nyumba. Jipsamu, vigae, madirisha ya aluminiamu. Baraza nikaivunja, nikajenga nyingine pana. Ukuta wa nyuma ulikuwa unavuta maji kutoka chini, nikaufunika kwa rangi nzito badala ya kuutibu. Hata hilo ni aibu, ila silo linaloninyima usingizi.

Wateja wakaja. Kila mmoja anasifu, akifika barazani anaona msalaba, anakumbuka ana kikao mjini. Dalali wangu akaniambia, "Bosi, unauza nyumba au unauza msiba? Weka maegesho pale. Nani atajua?"

Ningemfukuza pale pale. Badala yake nilimuuliza kijiko cha kuchimbia kinakodishwa wapi.

Tukang'oa migomba, tukang'oa msalaba, tukavunja saruji ya kaburi. Tukamwaga kifusi, tukashindilia, tukapanga vitofali vya pevingi. Fundi aliniuliza kama tuache alama yoyote. Nikamwambia alama ya nini, malizeni kazi. Msalaba ulibebwa na takataka nyingine, sijui walikoutupa. Na mimi nilisimama pale nikila chapati!

Mnunuzi akapatikana, mzee mstaafu. Alikuja na mkewe kuangalia kwa mara ya mwisho, akaegesha gari kwenye maegesho yangu mapya. Tukiwa bado tunazunguka vyumbani, bodaboda ikaingia. Ma Jasinta akashuka, ana maua na mshumaa. Mimi tarehe ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

Akaenda upande huu wa nyumba, akarudi upande ule, akidhani ni yeye aliyepotea. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, "Waitu, mzee yuko wapi?"

Nikaonyesha kwenye pevingi.

"Nionyeshe tu kichwa kilipo, nipige magoti."

Sikuweza. Migomba haikuwepo, baraza haikuwa ile ya zamani. Nikaonyesha hapa, nikajirekebisha, nikaonyesha pale. Nilikuwa nabahatisha mume wa mtu. Yule mstaafu aliona yote. Alimpa mkewe ishara, akaliondoa gari polepole kama anayeogopa kumkanyaga mtu, na hakurudi.

Ma Jasinta aliweka maua yake katikati, akasali, akaondoka kama alivyoahidi. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Baadaye nilitaka kufukua pevingi nimtafute marehemu. Wanawe wakanizuia. Walisema nisimguse tena baba yao. Nyumba ipo vile vile, hakuna anayeitaka, na Kaagya salamu yangu inaitikiwa na watu wanaotazama pembeni.

Wewe unayetaka kuingia biashara hii, nisikilize. Penye kaburi, kaa na familia na viongozi wa kijiji, eneo litengwe, mnunuzi aambiwe siku ya kwanza. Akikimbia, mwache akimbie. Dalali akishapata chake humuoni, utabaki wewe na majirani. Na kama nyumba haiuziki mpaka ufiche kitu, usiiuze.

Mwezi uliopita nilikwenda Muleba kwa baba. Babu na bibi wamezikwa kwenye kibanja chetu, na mimi ndiye nitakayekirithi. Baba alishanionyesha zamani sehemu yake, ubavuni mwa babu. Habari zangu zilikuwa zimemfikia. Hakunigombeza. Tulikula ndizi, tukaongea habari za kahawa. Nilipoaga, akanisindikiza hadi njiani.

"Nimeongea na paroko," akasema. "Nikifa, nizikeni kule parokiani."

Nikamuuliza kwa nini, wakati sehemu yake ipo.

"Kibanja kitakuwa chako," akasema. "Na wewe unaweza kupata mteja."